Acheni usanii: IGN si mshindani wenu

Wadau, leo nina dukuduku na nitalitoa bila kulipaka sukari.

Mwaka huu peke yake nimeshaletewa michanganuo mitatu ya biashara na vijana wenzangu, wote wasomi, wote wanataka kuanzisha tovuti ya habari za magemu. Wananiletea mimi kwa sababu naandika gazetini na wanajua Jumapili hunikosi na padi mkononi. Vizuri. Lugha tamu, nembo imeshachorwa, jina la tovuti limeshalipiwa. Halafu nafika kwenye ukurasa wa "Washindani Wetu" na hapo ndipo nguvu huniisha. Jedwali ni lile lile kwa wote watatu, utadhani wameangaliziana kwenye chumba cha mtihani: IGN, GameSpot, Kotaku, Polygon, Eurogamer. Pembeni kuna safu za tiki. Habari? Tiki. Uhakiki? Tiki. Video? Tiki. Safu ya mwisho imeandikwa "Kiswahili", na hapo wakubwa wote wamewekewa kosa, mwenye tiki ni mmoja tu, yeye mwenye mchanganuo. Chini yake kwa herufi nzito: KWA SASA HATUNA MSHINDANI WA MOJA KWA MOJA.

Jamani! Huko si kupima washindani. Huko ni kujipigia makofi chumbani peke yako. Na ningenyamaza kama kingekuwa kitu cha kuchekesha tu, lakini mmoja kati ya hawa watatu ana barua ya kuacha kazi mfukoni, na mtaji wake mama yake ameukopa VICOBA. Mwingine ameshakusanya vijana watano waliomaliza chuo, wataandika "kwa kujitolea" mpaka tovuti ianze kulipa. Sisi tunaolipwa kwa stori tunajua "mpaka ianze kulipa" huwa ni lini.

Kwa hiyo hebu tuzungumze kama watu wazima.

Tuanze na orodha yenyewe. Nilimuuliza mmoja, Polygon unaijua? Akasema, "Kaka, hiyo ni tovuti kubwa ya Marekani." Nikamuuliza ni ya nani. Kimya. Sasa utampimaje mtu ambaye hata hujui anakula wapi?

Polygon ilizinduliwa 2012 na kampuni ya Vox Media. Iliwekewa fedha, ikakusanya waandishi wenye majina kutoka tovuti nyingine. Tarehe 1 Mei 2025, Mei Mosi, sikukuu ya wafanyakazi, ona kejeli hiyo, ikatangazwa kwamba imeuzwa kwa kampuni inayoitwa Valnet na waandishi wengi wakapoteza kazi hapo hapo. Kotaku ilianza 2004 chini ya Gawker Media. Gawker ikafilisika 2016, Kotaku ikaenda kwa Univision, ikaenda kwa G/O Media, na Julai 2025 ikauzwa tena kwa kampuni ya Uswisi, Keleops. Imeuzwa na kununuliwa kama daladala. Joystiq, ambayo vijana wa leo hamuijui lakini enzi zake ilikuwa moto, ilianza 2004 na AOL wakaifunga mwanzoni mwa 2015. 1UP ilifungwa 2013.

Halafu kuna Game Informer. Hii inaniuma kuliko zote. Ni jarida la tangu 1991, na kwa miaka mingi mmiliki wake alikuwa GameStop, wenye mlolongo wa maduka ya kuuza magemu. Agosti 2024 GameStop walilifunga, na tovuti nayo wakaizima. Ukibonyeza kiungo chochote cha zamani ulikuwa unaletewa barua ya kwaheri tu. Miaka zaidi ya thelathini ya kazi za watu ikawa haionekani tena! Machi 2025 likafufuliwa, na aliyelifufua ni Gunzilla Games, kampuni inayotengeneza magemu. Yaani jarida limetoka mkononi mwa muuza magemu likaingia mkononi mwa mtengeneza magemu. Sisemi wanaandika uongo. Nasema kama unaiweka Game Informer kwenye jedwali lako, safu ya kwanza ilitakiwa iwe "MMILIKI NI NANI", na wala si "video, tiki".

Hawa wote hawakufa wala kuyumba kwa kukosa wasomaji. Wasomaji walikuwa nao wa kumwaga. Na hilo ndilo swali ambalo jedwali lenu halithubutu kuliuliza: mwenye wasomaji wote wale alikufa kwa nini? Kama huna jibu, basi unajiandaa kupanda basi lile lile lililopinduka, tena unashangilia kwamba siti zipo wazi.

Na kuna jingine la kuchekesha. Mmoja wenu ameorodhesha IGN, Eurogamer, Rock Paper Shotgun na VG247 kama washindani wanne. Wanne! IGN yenyewe ilianza 1996, ikanunuliwa na News Corp mwaka 2005 kwa dola milioni 650, ikauzwa kwa Ziff Davis 2013. Mara tu baada ya ununuzi huo ndipo 1UP na GameSpy zilipofungwa. Na Mei 2024 IGN ikanunua kundi la tovuti zilizokuwa chini ya Gamer Network: Eurogamer, Rock Paper Shotgun, VG247 na GamesIndustry.biz. Kwa hiyo mistari minne ya jedwali lako ni mfuko mmoja. Ukipanga kushindana na wanne utafanya hesabu za watu wanne wanaovutana. Kumbe ni bwana mmoja mwenye milango minne, ukigonga huu anaweza kukujibu kwa ule.

Kuhusu zile takwimu za "wageni kwa mwezi" mlizozitoa kwenye mitandao ya kukadiria, sitapoteza muda. Yale ni makadirio ya mtu aliyesimama nje ya uzio akihesabu viatu. Na hata zingekuwa sahihi, sehemu kubwa ya wanaoingia kwenye tovuti za magemu hawaendi kusoma habari. Wanatafuta Google "namna ya kumshinda bosi fulani" au "gemu fulani inatoka lini". Maelekezo ya namna hiyo ndiyo yamekuwa yakilipia kodi ya ofisi. Tangu Mei 2024 Google wameanza kuweka majibu yaliyotungwa na akili mnemba juu kabisa ya matokeo, walianza na Wamarekani kisha nchi nyingine, na msomaji akishapata jibu pale juu haingii tena ndani. Huyo Google yupo kwenye jedwali lenu? Hayupo.

Sasa nije kwenye hoja yangu, na hapa naomba tusikilizane.

Mshindani wa kwanza wa tovuti ya habari za magemu ni kampuni ya magemu yenyewe. Ndiyo, yule yule unayetaka kumwandika.

Zamani kampuni ilikuwa inamhitaji mwandishi. Nintendo au Sony wakitaka dunia ijue wana kitu kipya, walikodi ukumbi Los Angeles kwenye maonyesho ya E3, yaliyoanza 1995, waandishi wakajaa, wakaandika, dunia ikasoma. Mwandishi alikuwa mlango. Oktoba 2011 Nintendo wakaanza kitu wanachokiita Nintendo Direct, yaani wanajirekodi wenyewe, wanaongea na wachezaji moja kwa moja kwenye intaneti. Mwaka 2013 wakaacha kufanya ule mkutano wao mkubwa wa jukwaani E3. Sony nao 2019 wakaanza State of Play yao, na mwaka huo huo hawakutokea E3 kabisa. Desemba 2023 waandaaji wakatangaza kwamba E3 imekwisha, haitarudi. Na mwezi huo huo Rockstar wakaweka kionjo cha kwanza cha Grand Theft Auto VI kwenye YouTube, kwenye chaneli yao wenyewe. Ndani ya saa 24 kilitazamwa zaidi ya mara milioni 90.

Haya niambie, wewe na vijana wako watano wa kujitolea, siku ile mngeandika nini? "Rockstar yatoa kionjo cha GTA VI." Aliyekiona ameshakiona, tena kwa chanzo. Ambaye hajakiona atakitafuta YouTube, si kwako. Habari yako ingekuwa sawa na mtu anayekupigia simu kukueleza mechi mliyoitazama pamoja.

Kaka, dada, hiyo si habari. Huo ni ubandikaji wa matangazo ya watu bila kulipwa!

Sisi wa magazetini huu ugonjwa tunaujua vizuri sana, na ndiyo maana naandika kwa hasira. Unaitwa kwenye mkutano na waandishi hotelini, kuna soda, kuna sambusa, kuna folda yenye taarifa iliyoandikwa tayari, na mwishoni kuna bahasha ya "nauli". Kesho yake magazeti manne yana kichwa cha habari kile kile. Hapo mhariri anasema "tumeshindana". Mmeshindana nini? Nani kati yenu ana kitu ambacho mwenzake hana? Mhariri wangu mmoja wa zamani, mtu mkali lakini wa haki, alikuwa anauchukua ukurasa wetu na kalamu nyekundu anazungushia kila stori ambayo hata bila sisi ingemfikia msomaji. Siku nyingine ukurasa mzima ulikuwa mwekundu.

Kwenye magemu bahasha ina sura nyingine. Ni gemu inayotumwa kwako wiki mbili kabla ya kutoka. Ni safari ya kwenda kuwaona watengenezaji. Ni mahojiano ya dakika kumi huku ofisa uhusiano amekaa pembeni anaangalia saa. Na ni masharti: usichapishe kabla ya saa fulani, usioneshe sehemu fulani. Tovuti ikishajizoesha hayo, kampuni inakuwa na rungu. Na rungu hilo limeshatumika mchana kweupe.

Novemba 2007, GameSpot. Jeff Gerstmann, mhariri aliyekaa pale zaidi ya miaka kumi, anahakiki gemu ya Kane & Lynch: Dead Men ya kampuni ya Eidos. Anaipa 6 kati ya 10. Alama ya kawaida kwa gemu ya kawaida. Tatizo ni kwamba wakati huo huo ukurasa wa GameSpot ulikuwa umefunikwa na matangazo ya gemu hiyo hiyo, juu mpaka chini. Gerstmann akafukuzwa. Kelele zikawa kubwa, kampuni ikajiumauma, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyesema wazi. Ni 2012 ndipo Gerstmann mwenyewe alipoweza kueleza hadharani kwamba uongozi uliokuwapo ulishindwa kusimama mbele ya watangazaji waliokasirika.

Novemba 2015, Kotaku. Mhariri wake Stephen Totilo anaandika kwamba Bethesda na Ubisoft wameacha kabisa kuwajibu. Hakuna gemu za mapema, hakuna mahojiano, barua pepe hazijibiwi. Kosa? Kotaku walikuwa wamechapisha habari za kweli kuhusu magemu ambayo kampuni hizo hazikutaka yajulikane bado, Fallout 4 ikiwa mojawapo. Bethesda walikuwa wamenuna kwa miaka miwili hivi, Ubisoft kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kotaku wakaendelea kuishi, kwa sababu walikuwa na waandishi wanaojua kutafuta habari kwa watu wanaofanya kazi ndani ya kampuni, si kwa ofisa uhusiano.

Hapo ndipo palipo na kipimo, wadau. Ukitaka kumpima mshindani usiangalie anachofanya. Angalia ASICHOWEZA KUKIANDIKA na sababu yake. IGN ana watu, ana kamera, ana pesa, atakuzidi kwa kila kitu anachokifanya. Huwezi kumfukuza pikipiki kwa miguu kwenye lami. Lakini kila mwenye mtangazaji mmoja mkubwa ana uchochoro ambao hapiti. Kila mwenye mmiliki anayehitaji faida ya robo mwaka ana stori ya miezi mitatu ambayo hana subira nayo.

Na hii si nadharia ya kijiweni. Gerstmann na Ryan Davis waliondoka wakaanzisha Giant Bomb mwaka 2008, na wenzao kadhaa wa GameSpot wakawafuata. Hawakuja na jedwali la tiki. Walikuwa wamekaa ndani ya mshindani, wanajua ni nini hakiwezi kusemwa mle na ni nini msomaji ana njaa nacho: kuwasikia watu anaowaamini wakicheza na kuongea bila kuogopa idara ya matangazo. Wakawatoza wasomaji wao wenyewe. Imepita mikono mingi baadaye, CBS, Red Ventures, Fandom, na Mei 2025 waliokuwa wakiifanyia kazi wakainunua. Rock Paper Shotgun ilianza 2007 na waandishi wanne Waingereza walioamua kuandika magemu ya kompyuta TU, wakati watu wa hekima wakisema gemu za kompyuta zimekwisha. Digital Foundry wao wanapima picha ngapi zinapita kwa sekunde na kwa nini gemu inakwama kwenye mashine hii na si ile. Kazi ya kuchosha, hakuna anayeweza kuiiga kwa siku moja, na ndiyo maana wapo mpaka leo.

Halafu angalia Novemba 2023. Waandishi watano, wengi wao waliotoka Kotaku, wanaanzisha Aftermath, mali yao wenyewe, wanalipwa na wasomaji. Mwezi huo huo mhariri mkuu wa The Escapist anafukuzwa, wenzake wanaacha kazi naye, akiwamo Yahtzee Croshaw ambaye ndiye watu walikuwa wanamfuata pale, na wanaanzisha Second Wind kwa michango ya watazamaji. Je, walipanga kuishinda IGN? Hapana. Walihesabu ni watu wangapi wakilipa kiasi gani kila mwezi ndipo mishahara ipatikane. Hiyo ni hesabu ya duka la mtaani, na inaeleweka. Mchanganuo wako wewe una kurasa kumi na nane na sijaona hesabu hiyo.

Najua mtaniambia: lakini kwa Kiswahili hakuna. Hii ndiyo ngao yenu, na ina tobo.

Mchukueni kijana wa Mbagala anayecheza eFootball kwenye simu. Ni kweli hakuna tovuti kubwa ya Kiswahili inayomhudumia. Lakini je, hana habari? Anajua kila kitu! Toleo jipya limekuja na nini, mchezaji gani amepandishwa, gemu gani inakubali simu yenye memori ndogo. Anajuaje? Kundi la WhatsApp. Video za YouTube, nyingine kwa lugha asiyoijua kabisa lakini vidole vinaonekana. Na mwenye banda la PS pale mtaani, anayetoza kwa mechi, ambaye anajua PlayStation ipi imechipiwa, diski ipi ya PES ya zamani imetiwa jezi za Simba na Yanga na inauzwa wapi Kariakoo. HUYO ndiye mshindani wako wa moja kwa moja, mzee. Anaongea Kiswahili kukuzidi, hana gharama za seva, na msomaji wako anamwamini kwa sababu anamwona kila siku. Nenda kakae kwake wiki nzima na daftari. Andika maswali anayoulizwa. Yale anayoyajibu, achana nayo. Yale anayokuna kichwa, hayo ni yako.

Nitakupa mfano mmoja wa swali la kukuna kichwa. Gemu ya Helldivers 2 ilitoka Februari 2024 kwa PlayStation 5 na kompyuta. Mei mwaka huo Sony wakatangaza kwamba wachezaji wa kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Huduma hiyo ilikuwa haitolewi kwenye nchi na maeneo zaidi ya 170, na Tanzania haikuwamo kwenye orodha ya nchi zenye huduma. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye duka la Steam kwa nchi hizo. Wachezaji wakaja juu dunia nzima, ndani ya siku chache Sony wakarudi nyuma kuhusu sharti lile. Tovuti kubwa zote ziliandika. Lakini kwao zile nchi 170 zilikuwa namba. Kwetu zile namba ni watu: yule jamaa wa Sinza mwenye PS5 ambaye akaunti yake inasema anaishi Marekani kwa sababu hana namna, anayenunua kadi za salio kwa mtu wa Instagram, na siku akaunti ikifungwa hana pa kulalamika. Yule kadi anazitoa wapi? Anapata faida kiasi gani? Ikigundulika ni kadi ya wizi nani anaumia? Kwa nini gemu ya mtandaoni inakwamakwama usiku Dar, seva yake iko nchi gani? Mimi sikuona gazeti hata moja la kwetu lililogusa haya, na IGN hawezi kuyagusa hata akitaka, kwa sababu hana mtu wa kumtuma Sinza.

Sasa linganisha na mpango wa kutafsiri kionjo.

Hata namna ya kuwasoma hao wakubwa mnakosea. Mnafungua ukurasa wa mbele, mnasema "wana muundo mzuri". Chukua tovuti moja tu, isome wiki nzima, kila stori. Kwa kila stori uliza imetoka wapi. Utashangaa. Ishirini zinaweza kuwa zimetoka kwenye taarifa ya kampuni, kumi zinasema "kwa mujibu wa Bloomberg", maana yake Jason Schreier amepiga simu na wengine wote wamenukuu, tano ni orodha za punguzo la bei kwenye maduka, na mbili, labda tatu, ni za kwao kweli. Hizo tatu ndizo ukubwa wao halisi. Zimeandikwa na nani? Zimechukua muda gani? Siku uhakiki wa gemu kubwa ukitoka, tangazo lililoko pembeni ni la nani? Fanya hivyo kwa tovuti tatu utajua mengi kuliko jedwali lolote. Ni kazi ya wiki tatu na haihitaji hata shilingi zaidi ya bando. Kwa nini haifanyiki? Kwa sababu ukimaliza unaweza kukuta huna biashara, na nembo imeshachorwa.

Kuna watakaosema nawavunja moyo vijana, kwamba hata mimi nimeajiriwa kwa watu na sijathubutu kitu. Wamesema hivyo tayari. Mmoja amesema nina wivu. Sawa. Lakini wale watano wa kujitolea hawana wivu wowote, na ndio watakaokaa usiku wakitafsiri taarifa za Sony kwa bando zao wenyewe, ili mwishoni mwenye tovuti aseme "soko halikuwa tayari". Soko lilikuwa tayari siku zote, lipo pale bandani linalipa kwa mechi.

Mnaobisha karibuni, ila mje na jina la mmiliki wa kila tovuti mtakayoitaja.